Karatasi Isiyo na Miiba

Kama unaanguka kifafa, au nyumbani kwako yupo anayeanguka na mmeshamtengea sahani na kikombe chake, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Sikuyaandika ili nionewe huruma. Huruma nilionewa ya kutosha, na nyingi ilitoka kwa watu waliosimama mbali. Sijaanguka kwa miaka mingi sasa. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vimeshikana, na fizi zangu hazikurudi kuwa kama zamani, lakini napika, natembea, navuka barabara peke yangu. Habari za ubongo unavyofanya kazi waulizeni madaktari. Mimi nitasema niliyoyaona kwenye benchi la kungojea, na nitasema kosa nililolifanya, maana kosa hilo naona watu wanalifanya mpaka leo.

Mara ya kwanza nilianguka nikiwa na miaka kumi na tisa, kwetu Kinole, kwenye shamba la kijiji. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, na siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba kumi zetu kulima. Nilisikia harufu ya tui linaloungua, nikageuka kutafuta nani anapika shambani, na baada ya hapo sikumbuki. Nilipofungua macho niliona watu wamenizunguka, majembe mabegani, hakuna aliyekuwa karibu. Balozi wetu alikuwa amenyoosha mkono kuwazuia. "Msimguse! Lile povu linaambukiza!" Mdomo wangu ulikuwa umejaa udongo na nilikuwa nimejikojolea. Mwanangu Tatu alikuwa na miezi mitatu tu, nilimwacha nyumbani kwa dada yangu Mwanahawa, na jambo la kwanza lililonijia ni kushukuru kwamba sikuwa nimembeba.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Nilipelekwa kwa waganga wawili, wa kwanza akanichanja chale kichwani, wa pili akataka kuku mweusi. Mume wangu Saidi alikwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua, na kibarua hicho nadhani anakitafuta mpaka leo. Nilianza kuanguka kila wiki. Nilikuwa nikiamka na ulimi umekatika, mwili mzima unauma, na sura za watu waliokuwa wakinipenda zimebadilika kidogo, kila mara kidogo.

Masika yale mvua haikukatika. Nilikuwa jikoni, Tatu yuko mgongoni, chungu cha ndizi kikichemka kwenye mafiga. Ile harufu ya tui ilikuja, nikajua, nikajaribu kufungua kanga ili nimweke chini. Sikuwahi. Mwanahawa ndiye aliyetusikia. Mkono wangu uliingia motoni mpaka kwenye kifundo, na maji ya moto yalimmwagikia Tatu mguu wa kulia kuanzia gotini kushuka chini. Mimi sikusikia maumivu mpaka kesho yake. Kilio chake nacho sikukisikia, na mpaka leo sijui kama hilo nimshukuru Mungu au nisimshukuru.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba Shomari, kaka yake mama yangu, aliita watu wa ukoo nyumbani kwake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliongea akiangalia mkono wangu uliofungwa kitambaa.

"Hadija mwanangu, hapa hakuna anayekuchukia. Lakini mtoto akiungua mara ya pili, watu watauliza mimi nilikuwa wapi. Atakaa na Mwanahawa. Wewe shuka mjini ukatibiwe. Siku utakayoniletea cheti cha daktari, kina muhuri, kwamba ugonjwa umekutoka, siku hiyo hiyo naita watu na mwanao unamchukua."

"Na nisipopata cheti, mjomba?"

"Basi atakuwa na mama mmoja badala ya wawili."

Lazima mwelewe miaka ile ilivyokuwa. Kila jambo lilikwenda kwa karatasi. Ukisafiri unaulizwa barua ya mwenyekiti, ukitaka sukari dukani kwa ushirika lazima jina lako liwe kwenye orodha, ukiitwa mvivu unaonyesha kadi ya kazi. Karatasi yenye muhuri ilinyamazisha watu. Mjomba hakuniwekea sharti la ajabu, alisema kama ambavyo angesema mtu yeyote.

Nilishuka na lori la ndizi. Tatu alikuwa bado ananyonya. Tulipofika Mkuyuni maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yakaanza kutoka yenyewe, na nilifika mjini Morogoro kanga imelowa kifuani, mbele za watu. Shangazi yangu aliyekuwa akikaa Mwembesongo alinipokea bila kuuliza. Alinikamulia maziwa kwenye bakuli kwa siku nne, kwa sababu mkono wangu ulikuwa haufanyi kazi, na hakuna siku aliyolitaja jambo hilo tena.

Kliniki ya kifafa ilikuwa Jumanne, kwenye jengo dogo la mradi fulani ambao umekwisha zamani. Humo ndani ilikuwamo mashine ambayo watu waliiita mashine ya kichwa. Ilikuwa na nyaya nyingi zinazobandikwa kichwani, na kalamu nane zilizoandika mistari minane kwenye karatasi ndefu iliyokuwa ikitembea yenyewe. Watu walisema inasoma mawazo. Bibi mmoja wa Turiani alikataa katakata kuwekewa nyaya mpaka mwanawe mkubwa atoke nje, nadhani kulikuwa na jambo hakutaka alijue.

Nyaya hazishiki kwenye nywele zilizosukwa, wala kwenye mafuta. Kwa hiyo benchi la kungojea lilikuwa benchi la kufumua nywele. Wanawake walifika kutoka Dumila, Kilosa, Dakawa, wamesuka vizuri kwa ajili ya safari, wakaambiwa fumueni zote. Tulikaa mmoja nyuma ya mwingine kwenye sakafu na benchi, tukifumuana, kipande kimoja cha sabuni ya kufulia kikizunguka kutoka mkono hadi mkono, maana sabuni ilikuwa ya foleni. Mwanamke nisiyemjua aliniweka katikati ya magoti yake akaanza kufumua. "Wewe unaanguka mara ngapi kwa mwezi?" aliniuliza, kwa sauti ile ile ambayo angeniuliza nina watoto wangapi. Tangu siku ya shambani, mbali na dada yangu, shangazi na yule mganga wa chale, hakuna aliyekuwa amenigusa kichwa. Nililia, yeye akadhani ananivuta nywele, akaniomba radhi.

Aliyeendesha mashine alikuwa Bwana Mapunda, Mngoni wa Songea, mtu mrefu mwenye utani mwingi na uvumilivu mdogo. Alinipima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, akatia alama kwa kalamu ya nta, akabandika nyaya. "Funga macho. Fungua. Funga. Sasa hema kwa nguvu kama unapuliza moto, mpaka nikuambie acha." Baadaye Daktari Mbilinyi alinionyesha karatasi yangu. Kwenye mistari miwili, ile ya upande wa kushoto juu ya sikio, wino ulikuwa umeruka juu ghafla na kushuka, ukaruka tena. "Hii tunaiita miiba," alisema. "Kifafa chako kinaanzia hapa." Nilitazama pale mahali penye miiba kwa muda mrefu. Hapakuwa na shetani, wala uchawi wa wifi yangu niliyekuwa nikimshuku. Palikuwa ni mahali padogo ambapo ningeweza kupafunika kwa kidole gumba.

Dawa zilinituliza na zikanibadilisha. Vidonge vya kwanza vilinilaza mpaka nikasinzia nimesimama kwenye foleni ya unga. Vya pili viliniongezea fizi, zikavimba na kushuka juu ya meno, na vinyweleo vikaota kwenye mashavu. Nilikuwa msichana mzuri, naweza kusema hivyo sasa kwa kuwa hakuna wa kunibishia. Nilianza kucheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Lakini kuanguka kulipungua, kutoka kila wiki mpaka mara moja kwa mwezi, kisha kwa miezi miwili.

Kwa kuwa kila Jumanne nilikuwa pale nikifumua nywele za watu, Bwana Mapunda aliniombea kazi ya uhudumu. Nilifagia, nikafua vitambaa, nikachanganya ule uji wa chumvi wa kubandikia nyaya. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, akaanza kuniandikisha majina juu ya karatasi. Halafu mchana mmoja, wagonjwa wameisha, alinisukumia bunda la karatasi na kalamu nyekundu. "Haya, mwalimu. Nionyeshe miiba iko wapi."

Kujifunza kulinichukua zaidi ya mwaka. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba karatasi imejaa mambo ambayo si kichwa. Mtu akipepesa macho, kalamu zinaruka. Akitoa jasho, mistari yote inapanda na kushuka polepole, na Morogoro mwezi wa Desemba kila mtu anatoa jasho. Siku moja nilijaza kalamu nyekundu karatasi nzima ya mzee wa Kilosa, miiba juu mpaka chini, nikampelekea Bwana Mapunda nikiwa na uso wa msiba.

"Huyu mzee maskini, kifafa chake ni kikubwa sana."

Aliitazama akacheka mpaka akakaa. "Huyu mzee ana tambuu mdomoni, Hadija! Anatafuna! Umemwandikia kifafa cha taya."

Pole pole jicho lilianza kuona. Mtu akifunga macho, nyuma ya kichwa huja vijimawimbi vidogo vilivyo sawasawa, na akifungua vinaondoka. Huyo ametulia, yuko macho. Miiba ya kweli ilikuwa na tabia yake, ilirudi mahali pale pale, na mara nyingi ilifuatwa na wimbi pana la polepole. Bwana Mapunda alikuwa na kanuni moja ambayo aliirudia mpaka ikanichosha, kwamba utazame mtu kwanza ndipo utazame karatasi. Nilimwitikia ndiyo bwana, huku moyoni sikumwamini. Watu walinidanganya kila siku kuhusu ugonjwa wao. Karatasi haikuwa ikinidanganya. Na nilikuwa na sababu yangu ya kuipenda: nilikuwa nikingojea siku yangu mimi, karatasi yangu isiyo na mwiba, nipande nayo Kinole.

Rehema aliletwa na mama yake kutoka Dakawa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtulivu, mwenye kovu kwenye kidevu, na alikuwa ameshaanza kumeza vidonge. Barua ya posa ilikuwa imeshafika na kujibiwa, halafu upande wa mume wakasikia kwamba binti anaanguka. Mama yake alikuwa na uso wa mtu ambaye hajala vizuri kwa wiki nyingi. Wiki hiyo Daktari Mbilinyi alikuwa Dodoma kwenye mkutano, na Bwana Mapunda baada ya kufanya kipimo alitoka kwenda kutafuta wino, kwani wino ulikuwa umebaki kidogo. Nilibaki mimi na bunda la karatasi ya Rehema.

Niliisoma ukurasa kwa ukurasa, mara mbili. Hakuna kitu. Hata pale alipohema kwa nguvu, hakuna. Nilifurahi kama vile ni karatasi yangu.

Wahudumu tulikatazwa kutoa majibu. Nilijua. Lakini yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi akinitazama, na basi la Dakawa lilikuwa linaondoka saa nane. "Mwanangu, niambie tu," alisema. "Kuna kitu?"

"Hakuna kitu, mama. Safi."

Aliinuka akapiga vigelegele pale pale kwenye korido, wagonjwa wengine wakageuka. Halafu akaniomba kitu cha kuwaonyesha wakwe. Niliona Mjomba Shomari machoni mwake, na ukoo wangu wote umekaa kwenye mikeka. Nilikata kurasa mbili nzuri za karatasi ya Rehema, nikaandika juu kwa kalamu nyekundu, kwa ule mwandiko wangu mzuri: *Hakuna miiba.* Nikafungua droo, nikatoa muhuri wa kliniki, nikagonga. Nilichoandika kilikuwa kweli tupu. Sikumwambia aache dawa, na sikumwambia asiache.

Zilipita wiki saba. Mpunga ulikuwa unavunwa. Jumanne asubuhi nilimkuta Mama Rehema kwenye benchi peke yake, nywele zimefumuliwa, zimesimama ovyo. Mimi, nikiwa na haraka zangu na ndoo mkononi, nilimwona mtu aliyejiandaa kwa kipimo. Nikamtania. "Shikamoo mama! Leo umefumua mwenyewe nyumbani? Umetupunguzia kazi."

Aliitikia marahaba. Kisha akafungua pindo la kanga akatoa kurasa zile mbili, zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nimekuja kuwarudishia karatasi yenu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nywele zake hazikusukwa: zilikuwa nywele za mfiwa. Niliweka ndoo chini. Nilimwuliza kuhusu Rehema, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Tumemzika Ijumaa ile nyingine." Aliongea taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. "Tulipofika tukaacha vidonge, si mlisema hakuna kitu. Karatasi wakwe waliishika wote, mmoja mmoja, hata wasiojua kusoma. Mahari ikaletwa. Siku zikapita hana neno. Akaenda mtoni Wami na wenzake kufua. Maji ya hapa." Alishika kifundo cha mguu wake. "Hapa tu. Angegeuzwa uso juu asingekufa. Wenzake walikimbia, waliogopa povu."

Yeye ndiye aliyenishika mkono, ule ulioungua, akautazama. "Na wewe unaanguka," alisema. Haikuwa swali. Kisha alirudi stendi kutafuta basi, na hakutukana mtu.

Nilikwenda mwenyewe kwa Daktari Mbilinyi nikaweka zile kurasa mezani. Nilitaka anifukuze. Alizisoma, akausugua muhuri ule kwa kidole kama anayetaka kuufuta. "Umesoma sawa," alisema. "Hata mimi ningesoma hivyo hivyo. Lakini hii ni nusu saa ya maisha ya yule binti. Nusu saa, Hadija. Kifafa hakikuwepo kwa nusu saa. Nani alikwambia kwamba hakipo?"

Nikamwambia naomba niache kazi.

"Ukirudi nyumbani utajificha. Hapa kila mwenye karatasi safi utamweleza wewe, kwa mdomo wako, mpaka aelewe. Utamwambia asiache dawa. Ukichoka utamwambia tena."

Nilimchukia kwa miezi mingi. Nilikuwa nikieleza watu, wengine wakinikasirikia kwa kuwaharibia furaha, na jioni nikifika Mwembesongo nilikuwa nikilala kwenye mkeka nimevaa viatu. Shangazi alikuwa akinivua. Sikumwambia habari ya Rehema mpaka mwaka ukapita. Nilipomwambia aliniletea chai ya tangawizi, akasema, "Kunywa, hutaweza kulia vizuri na koo kavu."

Halafu vikaja vita vya Kagera. Magari yalikwenda mpakani, bidhaa zikapotea, na dawa zikaanza kuja kidogo kidogo. Wakati huo mimi nilikuwa sijaanguka kwa miezi kumi na minne. Kliniki ilipopungukiwa tuliwapa wagonjwa nusu, na mimi nikajipunguzia zaidi ya nusu, nikijidanganya kwamba nimeshapona. Siku moja mchana, shangazi yuko sokoni, nilisikia ile harufu ya tui. Nilipozinduka nilikuwa kati ya kitanda na ukuta, ulimi umekatika pembeni, damu kwenye mto. Hakuna aliyeniona. Nilifua foronya, nikafua kanga, nikaanika, nikakaa. Sikumwambia mtu yeyote.

Dawa zilirudi. Wiki tatu baadaye ilikuwa zamu ya kipimo changu cha mwaka. Bwana Mapunda alinigeuzia kioo kidogo ili niweze kuona kalamu zikiandika. Nilifunga macho, nikafungua, nikahema kama ninapuliza moto. Alipomaliza tulisoma pamoja, na pale juu ya sikio la kushoto, mahali pangu pa miaka yote, wino ulipita umenyooka. Hapakuwa na mwiba hata mmoja. Bwana Mapunda alinipiga begani.

Daktari Mbilinyi alichukua kalamu. "Umeanguka tangu kipimo kilichopita?"

"Hapana, daktari."

Aliandika: *Hakuna miiba katika kipimo hiki. Mgonjwa aendelee na dawa.* Akagonga muhuri yeye mwenyewe. Alikuwa akitabasamu, na sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu.

Nilituma salamu Kinole na dereva wa lori. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo aliporudi: Mjomba anasema njoo Jumamosi. Nilipanda nikiwa na karatasi kwenye kikapu. Njia nzima kutoka Mkuyuni nilikuwa nikijisemea kwamba kuanguka mara moja kwa sababu ya upungufu wa dawa si kuanguka, kwamba Rehema aliacha dawa na mimi sitaacha, kwamba Tatu sasa anakaribia miaka mitano na habebwi tena mgongoni. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake.

Mjomba alikuwa amechinja jogoo. Watu walikuwa wamejaa uani, na mwalimu wa shule ya kijiji ameletwa kusoma cheti. Alisoma "hakuna miiba katika kipimo hiki," na kabla hajafika kwenye sentensi ya pili kelele za furaha zilimfunika. Mjomba alinyoosha mikono juu. Mwanahawa alikuwa mlangoni, analia na kucheka, kwa maana alikuwa ananipenda na alikuwa anampoteza mtoto. Mbele yake alisimama Tatu, amevaa gauni jipya la maua, anashikilia kifurushi cha nguo zake kilichofungwa kwa kitenge. Mguu wake ulikuwa umepona kwa ngozi ya kung'aa. Hakuwa akinijua vizuri, lakini alikuwa ameambiwa kuhusu mji, kuhusu treni, na alikuwa tayari.

Niliangalia pale jikoni kwa Mjomba, chungu kiko motoni, watoto wanapita karibu. Nikajikuta nimesimama.

"Mjomba, karatasi haijadanganya. Ila mimi nilianguka. Nilikuwa peke yangu chumbani. Ni wiki sita sasa. Sikumwambia hata daktari."

Mwalimu alikunja karatasi, kisha akaikunjua, hakujua aifanye nini. Mjomba Shomari alikaa kwenye kigoda chake. Alikuwa amezeeka katika miaka ile minne kuliko nilivyodhani.

"Ungenyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeshaita watu. Nani angejua?"

"Mimi."

Alifuta uso kwa kanzu. "Basi mtoto abaki. Utakuja kumwona utakapo, mlango huu ni wako. Lakini abaki." Hakuna aliyembishia, nami sikumbishia. Wakati ule nilikuwa nimeshaona mtoto wa mtu akizikwa kwa mwandiko wangu, na sikuwa na nguvu ya kungojea wa pili. Msinisifu kwa hilo. Ningekuwa nimempa daktari jibu la kweli mwanzoni, yule mtoto asingefungiwa nguo.

Watu walikula jogoo kwa kuwa alikuwa ameshapikwa. Mwanahawa aliingia ndani akaweka kifurushi kitandani, akaanza kulifungua lile fundo. Nilimfuata. Tatu alikuwa amesimama pembeni akimtazama dada yangu akitoa gauni moja, akilikunjua, akilirudisha kwenye sanduku.

"Hatuendi?" aliuliza. Alimwuliza Mwanahawa, lakini dada yangu aliinamia sanduku.

Nikachuchumaa. "Huendi, mwanangu. Watu wote walikubali uende. Mimi ndiye niliyekataa."

Alinitazama kwa macho yangu mwenyewe. Kisha akanigeuzia mgongo, akapanda kitandani, akaanza kumpa mama yake mkubwa nguo zake, moja moja, azirudishe.